Dawa ya TDAH (shida ya mtoto kukosa utulivu na umakini) imekata njaa ya mtoto, kilo zinashuka. Shida ni dawa ao ni saa?

#1 MamaNeema_Ibanda
Yambo wote. Mtoto wa kiume, miaka 8. Tangu mwezi wa kwanza yuko kwenye metilfenidati ya kawaida, ile ya muda mfupi: mg 10 saa 12 na nusu asubuhi, mg 10 saa 5, mg 5 saa 9 na nusu ya kumsaidia na devware (kazi za shule za nyumbani). Mwezi wa kwanza alikuwa kilo 24.5, juma hili 22.9. Asubuhi anameza dawa kwanza, chai inafuata, anaonja tu. Saa 7 anasukuma sahani. Saa 1 jioni tunaketi kwa bugali na sambaza, matonge mawili basi. Halafu saa 4 usiku anaamka kupekua sufuria. Shuleni wanasema ametulia, kwa hiyo hatutaki kuiacha. Kinachomkondesha ni dawa yenyewe ao ni saa tunazompa?

#2 Mfamasia_Nyawera
Karibu Mama Neema. Shika kalamu. Metilfenidati ya kawaida inaanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, inadumu saa 3 hadi 4. Basi:

mg 10 ya 12:30 asubuhi inaisha karibu 4:30.
mg 10 ya saa 5 inaisha karibu saa 9.
mg 5 ya 9:30 inaisha karibu 1:30 usiku.

Angalia sasa meza yenu. Chai iko nyuma ya dawa, chakula cha saa 7 kiko katikati ya dozi ya pili, bugali ya saa 1 iko kwenye mkia wa dozi ya tatu. Milo yote mitatu mmeipanga ndani ya dawa. Kule kupekua sufuria saa 4 usiku si tabia mbaya, ni njaa ya mchana kutwa imerudi kwa mara moja.

Cha kwanza, kesho asubuhi: chakula mbele, dawa nyuma. Ale saa 12, ameze akimaliza kula. Chakula hakiui nguvu ya dawa hii. Kikiwa na mafuta mengi kinaichelewesha kidogo tu. Cha pili, ongea na docta wenu juu ya ile mg 5 ya alasiri. Kati ya dozi zote tatu, hiyo ndiyo inayokula chakula cha jioni.

#3 Mwalimu_Bagira
Uzi umekwisha kwenye posti ya pili, twende tulale 😄 Naongeza moja tu: shule nyingi zinatoa rekreasyo karibu saa 4. Dozi ya kwanza inakuwa imeanza kushuka, na dirisha halisi linafunguka 4:30. Mwalimu akikubali mtoto ale mandazi yake dakika kumi kabla ya dozi ya saa 5, hapo inaingia. Ukimlazimisha saa 3 utarudishiwa mfuko mzima.
Halafu msishangae sana. Ritalin, yaani hiyo metilfenidati, ni amfetamini tu, ile ile Wamarekani walikuwa wanakunywa kupunguza unene.

#4 Lishe_Himbi
Mwalimu, nusu ni kweli. Amfetamini zilitumika sana kukondesha watu karne iliyopita, na moja yao, lisdeksamfetamini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa watu wazima wenye tatizo la kula kupita kiasi bila kujizuia. Lakini metilfenidati si amfetamini, ni binamu yake. Metilfenidati inaziba mlango ambao seli za neva zinapitishia dopamini na noradrenalini, kemikali zao za kupelekeana ujumbe, kuzirudisha ndani, hivyo zinabaki nje zikifanya kazi. Amfetamini inaziba mlango, na juu yake inasukuma akiba ya ndani itoke. Ndiyo maana kwa wengi amfetamini inakata njaa kuliko metilfenidati.

Kwa nini njaa inakatika? Kuna maelezo mawili yanayotembea pamoja. La kwanza: dopamini ikiwa tayari imetosha, chakula kinapoteza ule mvuto wake. Mtoto anaona sambaza zimekaangwa vizuri, hazimwiti. La pili: noradrenalini kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoamua sasa una njaa ao umeshiba, inapeleka ujumbe wa kushiba mbele ya wakati.

#5 KahawaYaKivu
Na kwa wapenda historia, Ritalin haina Mmarekani ndani. Ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon kwenye kiwanda cha Ciba, Uswisi. Mke wake Marguerite alikuwa anaitwa Rita, jina likatoka hapo. Wanaochanganya wanamfikiria Charles Bradley, yule Mmarekani aliyewapa watoto Benzedrine mwaka 1937 akaona wanatulia darasani. Ile ndiyo ilikuwa amfetamini.

#6 Mwalimu_Bagira
@KahawaYaKivu nimepigwa, nimekubali. Binamu basi.

#7 Infirmiye_Kadutu
Mimi sikubaliani sana na #4. Ubongo, ubongo, lakini muulizeni mtoto mwenyewe. Wengi hawasemi "sina njaa". Wanasema tumbo linauma, mdomo umekauka, bugali inakwama. Mdomo mkavu na bugali ngumu ni maadui. Kwa mtoto wa namna hiyo badilisha umbo la chakula mbele ya kulaumu dopamini: buyi, supu ya samaki, viazi vya kuponda na maziwa, mashanza (maziwa ya mgando). Vinavyoteleza vinapita mahali tonge inakwama.

Maumivu ya tumbo ya siku za kwanza mara nyingi yanapungua baada ya majuma machache. Yasipopungua ni habari nyingine, rudini kwa docta.

#8 PapaAmani_Katindo
Kwani munasumbuka nini? Farmasi yoyote ya hapa Goma iko na sirop ya hamu ya kula. Vijiko viwili kwa siku, juma mbili mtoto anajaa mashavu.

#9 Mfamasia_Nyawera
Papa Amani, kwa heshima yote, hapo simama.

Zile sirop nyingi ndani yake ni siproheptadini. Ni dawa ya mzio ya zamani inayozuia histamini na serotonini, na njaa inaongezeka kama athari ya pembeni. Ni kweli madaktari wengine wanaitumia kwa makusudi kwa watoto walio kwenye dawa za TDAH, kwa kipimo kidogo, jioni. Lakini inaleta usingizi, na ukiitumia kila siku mwili unaizoea, njaa inarudi chini. Mtoto anayesinzia darasani asubuhi, mwalimu atasema Ritalin haifanyi kazi, docta atapandisha dozi, na njaa itakatika zaidi. Mzunguko huo ukiingia nyumbani ni kazi kuuvunja.

Hiyo ndiyo sirop safi. Shida kubwa ni vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kuhesabu bila boksi. Kinshasa mchanganyiko wa namna hiyo umepewa hadi jina, C4. Ndani mara nyingi kuna deksametazoni, dawa ya aina ya homoni (steroidi). Mashavu yanayojaa kwa juma mbili, Papa, si nyama, ni maji na mafuta yanayoletwa na homoni hiyo. Kwa mtoto deksametazoni inazuia urefu, inapandisha sukari, inashusha kinga, na ukiikata ghafla baada ya majuma mengi tezi zake za juu ya figo zinakuwa zimelala: anaweza kuzimia. Mnaogopa Ritalin itapunguza sentimita moja, halafu mnampa kitu kinachokata zaidi!

Kanuni yangu kaunta: kidonge kisicho na jina kwenye pakiti hakiingii kwa mtoto aliye tayari kwenye dawa nyingine.

#10 PapaAmani_Katindo
Aksanti Mfamasia. Hiyo ya tezi sikuijua. Nafuta posti?

#11 Lishe_Himbi
Usifute, wengine wasome.

Turudi kwa chakula. Mtoto wa kiume wa miaka 8 anahitaji karibu kalori 1,700 kwa siku. Mchana akipoteza 600, huwezi kuzirudisha kwa tonge kubwa zaidi, tumbo ni lile lile. Unaziingiza kwa kitu kidogo chenye nguvu nyingi. Mbele ya dawa ya asubuhi: unga wa sosoma (soya, mtama na mahindi) gramu 50 kwenye maji na maziwa ml 150, kijiko kikubwa kimoja cha kalanga ya kusaga, sukari vijiko viwili vidogo. Bakuli hilo linafika karibu kalori 400, na mtoto analimaliza kwa dakika kumi. Chai na mkate mkavu hazifiki nusu.

Kijiko kikubwa cha mawese kwenye sombe ni kalori 120. Avoka gramu 100 ni 160. Nyie mulio karibu na fromaji ya Masisi, kipande cha vidole viwili mfukoni kinafaa kuliko biskuti, hakimwagiki wala hakiharibiki kabla ya saa 5.

Kosa ninaloliona sana: mama anaongeza bugali. Bugali inajaza tumbo kwa maji na wanga, mboga inabaki. Geuza, mboga na samaki kwanza, bugali mwisho.

#12 Mama_Shukuru
Na Plumpy'Nut? Pakiti moja ni kalori 500, gramu 92, mtoto anafyonza anacheza. Sokoni ipo.

#13 Infirmiye_Kadutu
Mama Shukuru, ikiwa sokoni ni kwamba imetoka mahali isipopaswa kutoka. Ile ni ya watoto wenye utapiamlo mkali, inatolewa bure kwenye vituo, haiuzwi. Kalanga ya kusaga, maziwa ya unga, mafuta na sukari vikichanganywa nyumbani vinatosha kwa huyu.

Na kabla mtu hajaandika "mpime mkono na ule utepe": utepe wa rangi wenye nyekundu chini ya mm 115 na njano hadi 125 ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto wa miaka 8 akivalishwa utaonyesha kijani hata akiwa amekonda, mama atafurahi bure. Metilfenidati yenyewe haipewi kwa kawaida chini ya miaka 6, kwa hiyo utepe na dawa hii havikutani.

#14 Mama_Shukuru
Ndiyo nilikuwa naandika ya utepe 🙈

#15 Mzee_wa_Vitabu
Nimesoma hadi hapa. Kila mtu anakubali kwamba dawa inakondesha, tofauti ni njia tu. Niwape mchanga wa kutia machoni.

Daniel Safer na wenzake waliandika mwaka 1972 kwamba watoto kwenye dawa hizi wanapungua kasi ya uzito na urefu, na kwamba wakipumzishwa wakati wa vakansi wanafidia angalau sehemu. Sawa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MTA, watoto 579 wa miaka 7 hadi 9, ulitoa hesabu ya miaka mitatu mwaka 2007: waliotumia dawa walikuwa wafupi kwa sentimita 2.0 na wepesi kwa kilo 2.7 wakilinganishwa na wasiotumia. Watu wanasimama hapo wanapiga makofi. Lakini wale wasiotumia walikuwa wakubwa kuliko jedwali la watoto wa kawaida! Sasa nani amepungua na nani amezidi?

Mtoto mwenye TDAH bila dawa anakula kwa pupa. Anaona mandazi, mkono umeshafika. Ukimtuliza, sehemu ya kilo "zilizopotea" ni zile za kula bila kufikiri. Na Spencer na wenzake mwaka 1996 walileta hoja nyingine kabisa, kwamba kuchelewa kukua kunatokana na TDAH yenyewe na si dawa, na kwamba watoto hao wanafikia wenzao wakiwa vijana.

#16 Lishe_Himbi
Mzee, shikamoo. Hoja ya pupa inaelezea mtoto mnene aliyepungua. Haielezei mtoto wa kilo 24 aliyepoteza kilo 1.6. Hiyo ni zaidi ya asilimia 6 ya mwili wake kwa miezi mitatu, wakati alipaswa *kuongeza* nusu kilo. Haikuwa pupa.

#17 Mzee_wa_Vitabu
Marahaba. Kama kilo hizo ni za kweli. Nani alipima, na kwa mzani gani?

#18 Infirmiye_Kadutu
Swali la Mzee si dogo. Mama Neema, tueleze. Mzani ule ule? Asubuhi baada ya choo, mbele ya kula? Na kaptula tu, bila viatu?

Uzito mpime hivyo kila mwezi. Miongozo ya Uingereza ya 2018 inasema kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini angalau kila miezi mitatu, urefu kila miezi sita, na mapigo ya moyo na presha kila dozi inapobadilishwa. Urefu mpime asubuhi, visigino, matako na mabega vigusane na ukuta, macho mbele, mara tatu, chukua wastani. Jioni mtoto ni mfupi kidogo kuliko asubuhi, uti wa mgongo umebanana mchana kutwa. Ukipima asubuhi mwezi wa kwanza na jioni mwezi wa saba, utasema Ritalin imemla sentimita. Miaka hii anaongeza kawaida sm 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa hiyo kosa la sentimita moja ni kubwa sana.

Na jedwali la uzito kwa umri la OMS (Shirika la Afya Duniani) linaishia miaka 10. Baada ya hapo tumia BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) kwa umri, ile ya miaka 5 hadi 19.

#19 Docta_Mapendo
Nachomekea jambo ambalo hamjaligusa. Mtoto wa Kivu akikonda, TDAH si ya kwanza kwenye orodha. Malaria ya chinichini, minyoo, jino bovu, kuhara kwa amiba. Alipewa dawa ya minyoo lini mara ya mwisho? Albendazoli mg 400, dozi moja, bei ya mkate. Pimeni hivyo kwanza, halafu mrudi kugombania haipothalamasi.

Na usingizi. Dozi ya alasiri ikimchelewesha kulala, asubuhi anaamka mzito, hali chakula. Homoni ya kukua inatoka zaidi kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mimi nadhani sehemu ya urefu inapotelea hapo kuliko mezani.

#20 KahawaYaKivu
Maelezo ya sita hayo. Nahesabu.

#21 Patrona_Goma
Swali la pembeni. Ndugu ameleta Concerta (metilfenidati ya muda mrefu) mg 18 kutoka Ulaya. Inadumu saa 12, mtoto hawezi kumeza. Tuivunje katikati?

#22 Mfamasia_Nyawera
Usivunje, usisage, usitafune! Concerta ni pampu ndogo. Sehemu ndogo, karibu asilimia 22, iko kwenye ngozi ya nje inatoka mara moja. Iliyobaki inasukumwa polepole kupitia tundu, kadiri maji yanavyoingia ndani. Ukiivunja umempa ya siku nzima kwa pigo moja. Ganda tupu linatoka na choo, msije mkasema dawa imepita nzima.

Kwa asiyeweza kumeza, kuna kapsuli kama Ritalin LA zinazofunguliwa, punje zinamwagwa kwenye chakula laini bila kutafunwa. Tofauti nyingine: Medikinet ya muda mrefu lazima iende na chakula, tumboni mtupu inaachia vibaya. Kila moja na sheria yake, soma karatasi ya ndani.

Kwa njaa, hii inayodumu saa 12 ina ubaya wake: dirisha la mchana halipo. Unabaki na asubuhi na usiku tu. Na anayevuka Grande Barrière (mpaka wa Goma na Rwanda) na vidonge hivi abebe ordonansi yenye jina la mtoto. Metilfenidati iko kwenye orodha ya pili ya Mkataba wa dunia wa 1971 juu ya dawa zinazogusa akili, si Parasetamoli.

#23 Mama_Shukuru
Juu ya kinywaji, dada yangu anasema maji ya marakuja yanaua dawa hii. Kweli?

#24 Lishe_Himbi
Hilo ni la amfetamini. Juisi chachu na vitamini C vinapunguza kuingia kwake mwilini, na mkojo ukiwa chachu inatoka haraka. Kwa metilfenidati ya Mama Neema, marakuja anywe. Kahawa ndiyo asinywe, inaongeza mapigo ya moyo na inakata njaa tena.

#25 KahawaYaKivu
Jina langu limetajwa vibaya.

#26 Mwalimu_Bagira
Na vakansi? Julai na Agosti hakuna darasa, si waiache tu?

#27 Docta_Mapendo
Kupumzisha wakati wa vakansi ni njia inayokubalika kama urefu ao uzito unasumbua. Metilfenidati kwa dozi za kawaida inaweza kusimamishwa hivyo, docta akijua. Lakini mwangalie mtoto mwenyewe. Kuna anayevuka barabara ya Nguba bila kuangalia akiwa hana dawa. Huyo kilo mbili si shida yake ya kwanza. Na wasichanganye: klonidini na guanfasini, dawa nyingine za TDAH, hazikatwi ghafla, presha inaruka.

#28 MamaNeema_Ibanda
Aksanti sana wote, nimesoma mara mbili. Majibu:

Minyoo: mwezi wa kumi na moja. Malaria tumepima juzi, hakuna.
Docta amekubali tuondoe mg 5 ya alasiri kwa majuma mawili, devware ifanyike saa 8 dozi ya pili ingali ndani. Chakula cha jioni tumesogeza saa 2.
Mzani: Mzee_wa_Vitabu, umenikamata. Mwezi wa kwanza alipimwa na uniforme, pulova na viatu. Juma hili kaptula tu. Nimeweka pulova, uniforme na viatu peke yao kwenye mzani: gramu 900. Kwa hiyo 24.5 ilikuwa 23.6.

#29 Mzee_wa_Vitabu
😌

#30 Lishe_Himbi
Usitabasamu Mzee. Bado gramu 700 zimeshuka mahali ilipaswa kupanda 500. Tatizo limepungua, halijaondoka.

#31 Mzee_wa_Vitabu
Gramu 700 ni choo na bakuli moja la buyi. Alipimwa saa ngapi mwezi wa kwanza?

#32 MamaNeema_Ibanda
Saa 8 mchana. Alikuwa ametoka kula.

#33 Infirmiye_Kadutu
Basi tuna kipimo kimoja tu, cha juma hili. Andika tarehe: 22.9, kaptula, asubuhi. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Mwezi ujao siku ile ile, mzani ule ule. Na urefu?

#34 MamaNeema_Ibanda
Urefu hatujawahi kupima. Kesho asubuhi, kwenye ukuta wa jikoni.